Pipa Lililooshwa Mara Tatu

Hosteli ya wanafunzi, chumba namba 14
Tarehe 4 Februari

Makomredi wa ghala la mapipa, ninyi mnaovingirisha mizigo mizito kuliko miili yenu na bado mkapata pumzi ya kucheka. Na wewe Shangazi yangu, wa kwanza kati yao:

Shikamoo, Shangazi. Kwa wengine, heshima na mshikamano. Najua barua zangu husomwa mbele yenu nyote saa ya chai, kwa hiyo nakohoa kwanza, kama mzungumzaji yeyote mwenye adabu.

Mimi ni mzima. Koo tu limekauka baada ya mkutano wa Jumatano, tulipodai maktaba ifunguliwe Jumapili tukajibiwa kwamba ombi letu linafanyiwa kazi. Nyumbani nilipita wiki iliyopita. Goti la Bibi limepungua uvimbe, na ulimi wake umeongezeka makali kwa kiasi kile kile. Baba amehamishia cherehani sebuleni akidai mwanga wa chumbani umemsaliti. Mama anasema kilichomsaliti ni macho, na kwamba miwani yake iko kabatini tangu siku alipopimwa. Wote wanakusalimu.

Umeuliza kwa nini siku hizi sipigi simu. Umesahau kwamba ni wewe uliyenifukuza huko. "Kipaza," ulisema, "ukinipigia nasikia hotuba, wewe mwenyewe sikusikii. Andika. Kwenye karatasi angalau naweza kukusimamisha nikanywa maji." Nimetii, nami nakiri kwamba kalamu imenifaa: haina mwenyekiti wa kuninyang'anya.

Sasa nije kwenye hoja. Baba, baada ya kulikalia jambo hili miezi sita kama siri ya ukoo, ameniambia kwamba mwaka jana ulikabidhiwa pipa lako mwenyewe, namba saba, ulilee hadi siku ya kuonjwa. Wewe, uliyeosha mapipa ya wengine kwa miaka tisa. Niliposikia nilipanda juu ya kitanda, na mwenzangu wa chumba akadhani nimeona nyoka. Je, ni nani anayelijua pipa kuliko yule aliyeingiza mkono ndani yake hadi begani? Ni nani aliyeandika sheria kwamba anayesugua asionje, na anayeonja asisugue? Sheria hiyo haikuandikwa popote, makomredi, na ndiyo sababu imedumu. Huwezi kuichana karatasi isiyokuwepo.

Nataka taarifa kamili. Ni kinywaji gani, kimelala ndani ya pipa la namna gani, na kikipita utapata nini? Na zaidi ya yote: linanukaje?

Wenu katika mapambano,
Kipaza

*

Ghalani
Tarehe 26 Februari

Kipaza mwanangu,

Marahaba. Barua yako imekaa posta siku kumi na mbili, sijui ilikuwa inapumzika. Sisi huku wazima. Mwambie Mama asikae na goti limekunjwa. Mwambie kaka yangu avae miwani, na wifi yangu aache kumcheka mbele ya wateja, amcheke wakishaondoka.

Barua ilisomwa na Pua. Humjui huyu: ndiye mwonjaji wetu mkuu, mwembamba kama ufagio, ana sauti ya mtangazaji wa mpira. Alipanda juu ya kreti kabisa. Alipofika pale pa karatasi isiyokuwepo, dereva wa lori akasema, "Huyu mtoto akimaliza shule tumekwisha." Mama Mwenye Ghala alisikiliza akiwa mlangoni, kama mtu anayepita, lakini hakupita.

Ila tuwekeane utaratibu. Yapo mambo ya meza nzima na yapo ya kwetu. Mimi sisomi mbele, napenda kuisikia barua mara ya kwanza pamoja na wenzangu. Natazama neno la mwanzo tu. Likiwa "Makomredi", namkabidhi Pua. Likiwa "Shangazi", naitia mfukoni. Shika hilo.

Kinywaji ni tekila. Inatokana na mmea wa jamii ya mkonge, na hii yetu wameitengeneza watu wachache kwa mikono yao. Inatufikia nyeupe kama maji, kazi yetu sisi ni kuilaza. Mwaka jana Mama Mwenye Ghala alipata mapipa saba yaliyokwisha kulaza meskali. Meskali ni ndugu yake tekila, ila mmea wake huchomwa kwenye shimo la kuni kabla ya kukamuliwa, kwa hiyo ina moshi, na moshi ule unabaki ndani ya mbao za pipa. Ukiilaza tekila humo miezi minane, inaamka na moshi kidogo usio wake, kama mtu aliyeazima koti la kaka yake.

Kila pipa lina mlezi. Siku ya kuonja wanakaa mezani watu wanane, kuanzia Mama Mwenye Ghala hadi dereva. Akikataa mmoja tu, pipa halitoki. Kiti cha tisa kipo, lakini juu yake huwekwa birika la chai. Nimeambiwa hivi: namba saba ikipita tarehe 30 Aprili, birika litahama na kiti kitakuwa changu. Nimelijaza birika lile miaka tisa, mwanangu. Nataka lihame.

Umeuliza linanukaje. Mvua imenyesha huku siku nne na paa la ghala la kwanza linavuja.

Dereva akipita huko atakuletea chupa mbili ndogo. Moja ina uzi mwekundu shingoni, nyingine mweupe. Nionjee. Usile kitunguu siku hiyo, usijipake manukato. Lowesha mdomo, toa pumzi kwa pua, ngoja, tema. Kisha uniandikie ulichokiona, bila kupamba. Na usiniulize kwa nini.

Shangazi yako

*

Hosteli, chumba namba 14
Tarehe 19 Machi

Shangazi (naona nimeanza sawasawa, itie mfukoni),

Shikamoo. Bibi anasema goti halikunjwi tena, labda kwa ajili yako. Baba bado hajavaa miwani. Wiki iliyopita alishona mfuko wa koti ukatazama ndani. Maktaba bado haijafunguliwa, na mimi bado sijanyamaza.

Nimetekeleza agizo. Nilihitaji shahidi, nikamchukua mwenzangu wa chumba, mwanafunzi wa kemia, ambaye hosteli nzima humwita Maabara. Jumamosi saa nne asubuhi tulifungua dirisha, tukatandika gazeti juu ya meza ya kusomea, tukaweka bilauri mbili tulizoazima kantini, na ndoo katikati.

"Usimeze hata tone," Maabara alinionya. "Wewe mkavu tu unapanda juu ya meza. Ukinywa tutakutoa juu ya paa."

Nilianza na ya uzi mwekundu. Sijawahi kuweka kitu kama hicho mdomoni, kwa hiyo nitakueleza kama mtu aliyefika mji mgeni. Kwanza kulikuwa na ukali, kama pilipili manga kwenye ncha ya ulimi. Kisha ukali ukafungua mlango na utamu ukatoka, utamu wa kiazi kilichookwa hadi kikaanza kutoa maji ya sukari. Nikatema, nikadhani kikao kimefungwa. Ndipo moshi ukaja, Shangazi, taratibu, umechelewa, hauombi radhi. Haukuwa moshi wa kukohoza. Ulikuwa ule unaobaki kwenye shati lililopigwa pasi ya mkaa.

Nikasukutua, nikachukua ya uzi mweupe. Pilipili ile ile. Utamu ule ule, pengine umezidi kidogo. Nikatema nikangoja moshi. Nikangoja tena. Maabara alikwisha kuonja yake, akawa ananusa bilauri tupu kwa uso wa daktari mwenye habari mbaya.

"Hii imetoka kuoga," akasema.

"Fafanua."

"Ile ya kwanza ni mtu ametoka jikoni. Hii ni mtu yule yule ametoka bafuni. Hata taulo bado analo."

Nilicheka hadi nikamwaga maji ya ndoo. Ulisema nisipambe, nimekuletea neno la mwanasayansi kama lilivyotamkwa. Sasa niambie: mtu wa bafuni ni nani?

Mpwa wako mtiifu, kwa mara ya kwanza,
Kipaza

*

Ghalani
Tarehe 2 Aprili

Mwanangu,

Nimepata barua. Salimia wote, leo sina habari za wengine.

Mtu wa bafuni ni namba saba.

Mapipa ya meskali hayaoshwi. Unatia maji baridi kidogo, unalivingirisha mara moja, unamwaga, basi. Nililijua hilo. Ni mimi niliyewaambia wenzangu asubuhi ile walipokuwa wakiyashusha. Kisha nikaachwa na langu peke yangu pale kwenye sakafu ya kuoshea, nikawa nawaza goti la Mama, na mikono ikafanya kazi yake ya miaka tisa. Nilipozinduka nilikuwa na brashi mkononi, mvuke umejaa, na maji ya moto yalikuwa yanatoka mekundu-meusi kuelekea kwenye mtaro kwa mara ya tatu. Moshi wote ule. Nikaupitisha ufagio.

Sikusema. Nikalikausha, nikalijaza kama wengine. Kila mwezi navuta kidogo naonja, na kila mwezi najiambia moshi unakuja, labda pua yangu ndiyo imezoea. Ndiyo maana nikakutumieni ninyi, msiojua kitu.

Nimeamua kunyamaza. Labda siku ile watakuwa na mafua. Usimwambie baba yako. Ameshamwambia kila mteja kwamba dada yake ni mwonjaji.

Shangazi

*

Hosteli, chumba namba 14
Tarehe 16 Aprili

Makomredi katika mapambano ya ukweli, na wewe Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naandika kwa haraka kati ya vikao viwili, karatasi iko juu ya goti. Bibi anatembea hadi langoni bila fimbo. Baba hatimaye amevaa miwani, na sasa ameiona mishono yake ya mwaka jana. 

Hili ninalosema sasa ni siri kati yetu sisi wawili. Shangazi, umeliosha pipa namba saba kwa maji ya moto mara tatu, na hukumwambia mtu. Mimi sikulaumu kwa kuliosha. Je, tuulaumu mkono kwa kukumbuka? Miaka tisa mkono ule ulisifiwa kwa jambo hilo hilo moja. Siku moja ukaambiwa jambo hilo ni kosa, na ukategemewa usikie kabla ya sikio. Hapana. Kosa la mkono ni la jana, nalo limekwisha kutiririka mtaroni. Linalokungoja ni la kesho.

Unasema labda watakuwa na mafua. Fikiri kwamba watakuwa nayo. Fikiri pipa limepita, birika limehama, nawe umeketi. Utaonja vipi mapipa ya wengine? Atakuja mlezi mwingine, ametia chake cha kuficha, atakutazama usoni, nawe utainamia bilauri ukisema ni safi, ni safi, kwa sababu huwezi kumnusa yeye bila kujinusa mwenyewe. Ulikitamani kiti hicho kwa sababu ya pua yako, Shangazi. Na kwa njia hiyo, pua ndiyo hasa utakayoipoteza.

Kwa hiyo nasema, na ningekuwa na meza ningeigonga: simama tarehe 30, kabla mtu hajanyanyua bilauri, useme. Wakikunyima kiti, wamemnyima mtu waliyemwona mzima. Wakicheka, cheka nao. Pipa lililokwenda kuoga linachekesha, hata Maabara anakubali. Ila usiwaache wagundue. Ukisema wewe, ni taarifa. Wakigundua wao, ni kesi.

Ichome barua hii ukimaliza.

Kipaza

*

Ghalani
Tarehe 7 Mei

Kipaza,

Sisi wazima. Paa limezibwa. Salimia Mama, mwambie nimefurahi kwa ajili ya fimbo. Kaka yangu mwambie mishono ile tulikuwa tunaiona wote.

Siku tatu sikutaka kukuandikia. Siku ya nne nilikuandikia barua ambayo nimeichoma, kwa kuwa naona wewe ndiwe unayependa barua zichomwe. Hii ni ya pili.

Unajua barua yako ilianza na neno gani? Nenda ukatazame kumbukumbu yako. Ilifika tarehe 28, saa ya chai, ghala zima tumekaa. Nikafungua, nikaona "Makomredi", nikamkabidhi Pua kwa furaha, tena nikamsogezea kreti kwa mguu. Akapanda. Akasoma ya goti la Bibi, watu wakapiga makofi. Akasoma ya miwani, wakacheka. Akasoma, kwa sauti ile ya mpira, "Hili ninalosema sasa ni siri kati yetu sisi wawili." Dereva akasema, "Wawili na sisi." Pua akaendelea, sentensi moja zaidi, kisha akazima kama gari lililoishiwa mafuta.

 Nilisikia bomba likidondosha matone kwenye sakafu ya kuoshea.

"Mara tatu?" akauliza dereva. "Sabuni hukutia?"

Mama Mwenye Ghala akatoka mlangoni, akaja hadi mezani. "Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Kwa nini hukusema?"

Nikaonyesha kile kiti chenye birika. Maneno yote ulikuwa umeyamaliza wewe. Akakitazama kiti, akanitazama mimi. Akamwambia Pua, "Malizia barua." Ikasomwa hadi kwenye kuchomwa. Kisha akasema kuonja kutafanyika siku ile ile iliyopangwa, kwa kufichwa, na mimi nitaonja pia, nikiwa nimesimama.

Basi tarehe 30, saa nne asubuhi. Glasi saba kwa kila mtu, namba zimebandikwa chini, sahani ndogo juu. Hakuna anayejua ipi ni ya nani isipokuwa binti wa ofisini aliyezimimina, naye alitolewa nje. Nikapita taratibu. Ya kwanza nzuri, ya pili nzuri. Ya tatu nikaiweka chini kabla haijafika mdomoni.

"Hii ni yangu," nikasema. "Naikataa."

Wakaonja, wakatikisa kichwa mmoja mmoja. Wote wanane wamekataa. Nilijua, lakini mwanangu, kujua ni kitu kimoja na kuona ni kingine. Nilitamani kwenda kuosha chochote.

Nikaendelea kwa kuwa hakuna aliyeniambia niache. Ya nne, ya tano. Ya sita nikairudia. Nikatoa pumzi, nikangoja. Moshi ulikuwepo, lakini ulikuja umenyoosha nguo.

"Hii nayo imeoshwa," nikasema.

"Acha mambo yako," akasema dereva. "Wote tumeipitisha."

"Imeoshwa. Si mkono wangu. Mimi nikiosha mbao zinachoka. Hizi zimeshtuka tu. Ni mara moja, tena maji ya vuguvugu."

Wakainusa tena. Hakuna aliyeona kitu. Mama Mwenye Ghala akaigeuza glasi: namba mbili. Namba mbili ni pipa la Pua.

Pua alikuwa anafuta glasi ambayo ilikwisha kukauka. "Nyigu," akasema.

"Nini?"

"Kulikuwa na kiota cha nyigu mle ndani. Nilimwagia birika moja. Moja tu, na halikuwa limechemka."

Mama Mwenye Ghala alicheka hadi akavua miwani. Dereva akasema tubadilishe kibao nje, tuandike kwamba hapa mapipa yanaogeshwa, ya kike na ya kiume. Binti wa ofisini akachungulia kuuliza kama kuna aliyeumia.

Kelele zilipopungua Pua akainuka. Akaliondoa birika juu ya kiti, akaliweka dirishani, akafuta kiti kwa kiganja. "Kaa upige kura yako," akasema, "tumalize kazi." Nikamtazama Mama Mwenye Ghala. Akasema, "Unangoja hotuba?"

Nikakaa. Nikalikataa pipa la Pua.

"Sikukukalisha ili unikomoe," akasema.

"Ulisema nikae nipige kura," nikasema, "ndiyo hiyo."

Kwa hiyo mapipa matano yametoka, mawili hayakutoka. Tekila ya namba mbili na ya saba tumezihamishia kwenye mapipa mawili yaliyokwisha kumwagwa, ambayo moshi wake bado upo. Zitalala humo miezi minne tuone. Pipa tupu la namba saba nililisukuma nje mwenyewe.

Meza imeamua mambo mawili. Kwanza, uje siku ya kuonja upya useme dakika tano. Pua atashika saa. Pili, tangazo la kikao uliandike wewe, tulibandike mlangoni, kwa kuwa hata siri unaitangaza.

Bado nimekasirika kidogo. Nadhani ni kidogo.

Shangazi yako, kiti cha tisa

*

Hosteli, chumba namba 14
Tarehe 21 Mei

Makomredi wa meza ya viti tisa. Safari hii nimelichagua neno la kwanza kwa macho mawili:

Shikamoo, Shangazi, na uniwie radhi. Nimeisoma barua yako mara nne, mara moja nikiwa nimesimama. Maabara anaomba kuja, anasema atabeba bilauri zake. Baba amewasomea wateja wote, pamoja na sehemu ya pipa kukataliwa, na anaisoma kwa fahari kuliko sehemu nyingine yoyote. Bibi amesema maneno matatu tu: "Aliikataa yake kwanza." Kisha akaniomba nimsomee tena. Na maktaba, makomredi, itafunguliwa Jumapili kuanzia mwezi ujao. Nimelia kidogo, msiandike popote.

Ndugu Pua, mimi ninayeandika siri juu ya karatasi ya hadhara sina la kusema kuhusu birika lako. Dakika tano zinanitosha. Nitaanza kujipunguza kuanzia leo.

Kwa mamlaka mliyonipa bila kuombwa, ingawa ningeyaomba, natangaza. Wajumbe wote wa meza mnaitwa kuonja upya tekila ya namba mbili na ya namba saba, baada ya kulala miezi minne mahali penye moshi. Vitunguu ni marufuku kuanzia Ijumaa mchana. Manukato ni marufuku kabisa. Kila mjumbe aje na pua yake mwenyewe, asitegemee ya jirani, na mwenye la kusema kuhusu pipa lake alitamke kabla sahani haijafunuliwa. Ghala la pili, mezani, Jumamosi ya tarehe 5 Septemba, saa nne kamili asubuhi.

Kipaza